Faili la Baba

Chumba cha nyaraka, Tallinn, kina joto la kupitiliza.
Kijana wa dawati amevaa glavu nyeupe kama mhudumu wa hoteli.
Ananisukumia faili, kisha fomu:
jina, Leida Kuusk; uhusiano, binti;
sababu ya kusoma, nukta nukta nukta.
Hapo nimeruka. Nitajaza baadaye.

Ukurasa wa kwanza ni jiko letu kule Paide.
Yupo mtu aliyelihesabu:
viti saba, taa moja, pazia la kijani,
mhubiri Villem aliomba dakika kumi na mbili,
mkewe akagawa mkate mweusi,
mtoto wa kike akasinzia chini ya meza.
Mtoto huyo ni mimi.
Sikusinzia. Nilikuwa nahesabu viatu.

Viatu vya Kaarel vilipigwa kiwi,
vikatangulia vyote kupiga magoti.
Huyo aliomba hadi kioo cha dirisha kikaingia ukungu,
chozi likimdondokea mama mkononi,
nasi tukanong'onezana: imani ndiyo hii.
Viatu vya Endel, mpakuaji makaa wa stesheni,
vilipasuka ubavuni, vikinuka vodka,
vimekaa karibu na mlango
kama vya mtu aliyekwisha kuaga.
Endel hakuomba kwa sauti hata siku moja.
Amina yake ilikuwa kikohozi.

Baba alipochukuliwa, usiku wa theluji ya kwanza,
hakuna aliyeuliza ni nani.
Mama alimfungia Endel mlango.
Alisimama nje, kofia mkononi,
theluji ikimjaa utosini,
asiseme "si mimi",
akaenda zake.
Majira yale yote ya baridi tulikuta makaa kizingitini,
ndoo moja kila Jumatatu alfajiri,
na mama akimshukuru Mungu kwa ajili ya Kaarel.

Leo nageuza kurasa.
Taarifa zote zimetiwa sahihi "Shomoro",
lakini mwandiko haujui kujibadili jina:
ile K yenye mkia uliopinda kama ndoana
ndiyo iliyonakili daftari letu la nyimbo,
tenzi themanini na mbili, kwa wino wa zambarau,
nasi tukaziimba tukilia.
Kikulacho kilikuwa nguoni mwetu,
na nguo yenyewe tuliifua kila Jumamosi
kwa ajili ya ibada.

Nilitaka kwenda makaburini na msumari,
nilikwangue jina lake jiweni.
Kisha taarifa ya mwisho, mistari miwili:
*Sina la kuongeza. Watu hawa wanawaombea hata ninyi.
Naomba msinitume tena jikoni kwao.*
Chini yake, kwa penseli, mkono mwingine: Ahamishwe.
Alihamishiwa wapi, faili halisemi.

Sasa nimpime kwa mzani upi?
Chozi lile huenda lilikuwa la kweli
wakati lilipokuwa likidondoka.
Na Endel? Makaa yale aliyaiba,
hakuna stesheni inayogawa makaa.
Na mimi? Mwalimu Hilja aliuliza darasani,
"Nyumbani kwenu mnasali?"
nikajibu "Hapana", upesi, kwa sauti safi kuliko wote,
nikafungwa skafu nyekundu shingoni.
Nilikuwa na miaka tisa.
Hilo halimo humu. Nimelitafuta mara mbili.

Basi liko faili lingine,
ambalo sitapewa nambari yake,
na kikohozi cha Endel kimo humo, neno kwa neno,
na yale aliyoyasema Kaarel, huko alikohamishiwa,
kama alisema lolote.
Liko kwa Asiyevaa glavu.
Sijui limeandikwaje. Ninajua ni nani analisoma,
na leo, kwa mara ya kwanza,
hilo halinitishi.

Kijana anatazama saa ya ukutani.
Fomu, mama, anasema, bado mstari mmoja.
Sababu ya kusoma.
Naandika: Endel.
Ananiuliza jina la ukoo.
Hatukuwahi kumuuliza.